Chipsi za Uhuru, Barua 11,000

Machi 2003, siku chache kabla mabomu hayajaanza kuanguka Baghdad, mikahawa ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington ililetewa agizo la ajabu. Viazi vya kukaanga, ambavyo Wamarekani wamezoea kuviita vya Kifaransa, vifutiwe jina hilo kwenye orodha ya vyakula. Tangu siku hiyo viitwe chipsi za uhuru. Kosa la Ufaransa lilikuwa kukataa kuunga mkono vita vya Iraq. Mmoja wa wabunge wawili waliolisimamia jambo hilo, tena kwa fahari mbele ya kamera, alikuwa Walter Jones wa North Carolina: mtu wa chama cha Republican, mcha Mungu, mwakilishi wa eneo lenye Camp Lejeune, mojawapo ya kambi kubwa kabisa za askari wa Marine.

Msikilizaji anayetaka kujua wahafidhina wa Marekani walianza vipi kuchoshwa na vita vya ugenini hana haja ya kuanzia kwa Donald Trump. Aanze kwa huyu Jones.

Aprili mwaka uleule Jones alikwenda kwenye mazishi ya askari wa Marine aliyeuawa Iraq. Marehemu aliacha mke na watoto, wakiwemo mapacha ambao hakuwahi kuwatia machoni. Mjane akasoma barua ya mwisho ya mumewe. Mbunge alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Akaanza kuziandikia barua familia zilizofiwa, na miaka ilivyopita zikazidi 11,000. Nje ya ofisi yake akabandika picha za waliokufa, ikawa kila apitaye kwenye korido anatazamwa na nyuso za vijana. Mwenyewe alisema hadharani kwamba barua zile zilikuwa toba yake kwa kura aliyoipiga ya kuruhusu vita. Mwaka 2005 akaungana na wabunge wa Democratic kudai serikali itaje tarehe ya kuanza kuondoa majeshi Iraq, jambo ambalo ndani ya chama chake, wakati ule, lilikuwa karibu sawa na kuasi dini.

Viongozi wa chama walimwadhibu. Mwaka 2012 walimwondoa kwenye kamati ya Bunge inayosimamia mabenki na fedha. Lakini wapigakura wa kule kambini, wake za askari, wastaafu, wenye maduka yanayotegemea mishahara ya jeshi, hawakumwadhibu. Walimrudisha bungeni kila uchaguzi mpaka alipofariki Februari 2019. Mabwana wakubwa wa Washington walikuwa na takwimu hiyo mezani kwao miaka yote, na hawakuisoma.

Wakaja kuisoma kwa lazima. Usiku wa Februari 13, 2016, wagombea sita wa urais wa Republican walisimama kwenye jukwaa la mdahalo mjini Greenville, South Carolina. Hilo si jimbo la watu wanaoona haya mbele ya bunduki. Kuna Fort Jackson, wanakofunzwa askari wapya wa nchi kavu; kuna Parris Island, ambako vijana husagwa mpaka wakawa Marine; na si rahisi kupita mtaa usio na mstaafu wa vita fulani. Ukoo wa Bush ulipendwa huko. Baba alishinda kura za mchujo pale mwaka 1988, mwana akashinda mwaka 2000. Sasa alikuwapo ndugu, Jeb.

Trump, akiwa hatua chache tu kutoka kwa Jeb, akasema vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa, waliowapeleka watu huko walidanganya kuhusu silaha za maangamizi, na majengo ya New York yaliangushwa Bush akiwa ndiye mwenye dola. Ukumbi ukamzomea. Wachambuzi wa televisheni wakaanza kumwandikia tanzia. Siku mbili baadaye rais mstaafu George W. Bush alifunga safari hadi North Charleston kumpigia debe mdogo wake. Februari 20 Trump akashinda kwa asilimia 32.5 ya kura. Jeb akaambulia chini ya asilimia 8, na usiku uleule akajitoa kwenye kinyang'anyiro.

Waliozomea ukumbini wengi wao walikuwa watu wa chama, wenye tiketi za kugawiwa. Waliopiga kura walikuwa wengine.

Mwaka uliofuata wasomi wawili, Douglas Kriner na Francis Shen, walitoa utafiti uliolinganisha mambo mawili: idadi ya askari waliokufa Iraq na Afghanistan kutoka kila eneo, na kura alizopata Trump katika eneo hilo. Walichokuta ni kwamba mahali palipozika vijana wengi zaidi, kwa kulinganisha na wingi wa watu wake, ndipo Trump alipoongeza kura juu ya zile alizopata mgombea wa chama hicho, Mitt Romney, mwaka 2012, hata baada ya kuzingatia kipato, elimu na rangi. Walifika hadi kusema kwamba kama Pennsylvania, Michigan na Wisconsin zingekuwa na misiba michache zaidi ya vita, huenda Hillary Clinton, aliyeipigia kura ya ndiyo vita ya Iraq akiwa seneta, angezichukua. Hesabu za namna hii hazitoi hukumu ya mwisho, lakini zinaeleza kwa nini maneno ya Greenville hayakumuua mwenye kuyasema.

Marekani ilifuta uandikishaji wa lazima mwaka 1973. Tangu hapo jeshi ni la wanaojitolea, na wanaojitolea hawatoki kila mahali kwa usawa. Majimbo ya kusini hutoa zaidi ya fungu lake, na mara nyingi ni familia zilezile, mjomba na mpwa, baba na binti. Hao ndio uti wa mgongo wa chama cha Republican. Kwa hiyo miaka 20 ya Afghanistan, iliyoua askari wa Marekani zaidi ya 2,400, na ile ya Iraq iliyoua takriban 4,500, haikuwa habari ya kusomwa gazetini. Ilikuwa habari ya kanisani Jumapili. Mradi wa Chuo Kikuu cha Brown unaohesabu gharama za vita ulikadiria mwaka 2021 kwamba vita vyote vilivyofuata shambulio la Septemba 11 vimegharimu dola trilioni 8. Fedha hizo mtu anaweza kuzibishia. Kaburi halibishiwi.

Hata hivyo tusije tukadhani wazo hili lilizaliwa Greenville. Lina babu yake. Robert Taft, seneta wa Ohio aliyeheshimika hata akaitwa Bwana Republican, aliupinga mkataba wa NATO mwaka 1949. Seneti iliupitisha kwa kura 82 dhidi ya 13, na wengi wa wale 13 walikuwa wa chama chake. Mwaka uliofuata, Rais Truman alipopeleka majeshi Korea bila kuliomba Bunge ruhusa, Taft alilalamika kwamba katiba imerukwa. Hoja yake ilikuwa ya kihafidhina tupu: vita hukuza serikali, hukuza kodi, humpa rais mamlaka ya kifalme. Anayeogopa serikali kubwa nyumbani ataipendaje ikiwa imevaa magwanda? Mwaka 1952 Taft alishindwa na Jenerali Eisenhower katika kumtafuta mgombea wa chama, na kwa miaka 40 iliyofuata Vita Baridi vikaizima sauti hiyo. Adui alikuwa ukomunisti, na dhidi ya ukomunisti mhafidhina alikuwa tayari kwenda popote.

Babu huyo ana ndugu asiyefaa kutajwa mbele ya wageni. Kamati ya Marekani Kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1940 kuizuia nchi isiingie vita vya Hitler, ilikuwa na msemaji maarufu kuliko wote, rubani Charles Lindbergh. Septemba 11, 1941, mjini Des Moines, Lindbergh alisema wanaoisukuma Marekani vitani ni makundi matatu: Waingereza, Wayahudi, na serikali ya Roosevelt. Miezi mitatu haikuisha, Wajapani wakapiga Pearl Harbor, na kamati ikavunjwa siku chache baadaye. Doa la hotuba ile halijatoka, na kama tutakavyoona, siku hizi kuna wanaolichovya upya katika wino.

Vita Baridi vilipokwisha, sauti ya Taft ikaanza kukohoa tena. Pat Buchanan, aliyewahi kufanya kazi Ikulu ya Nixon na ya Reagan, alivipinga vita vya Ghuba vya mwaka 1991, kisha akamvaa rais wa chama chake mwenyewe, Bush mkubwa, katika mchujo wa mwaka 1992 na kupata zaidi ya theluthi moja ya kura za New Hampshire. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani wakauawa Mogadishu, na wabunge wa Republican wakawa mstari wa mbele kudai Bill Clinton aondoe majeshi Somalia. Mwaka 1999 Clinton akapiga mabomu Kosovo. Azimio la kuunga mkono mashambulizi hayo likafungana 213 kwa 213 katika Baraza la Wawakilishi, na waliolikwamisha wengi wao walikuwa wahafidhina. Hata Bush mdogo, akigombea mwaka 2000, alijinadi kuwa hapendi askari watumike kujengea watu wengine mataifa yao.

Kisha ikaja Septemba 11, 2001, na maneno yote hayo yakafagiliwa. Oktoba 2002, Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura ya kuruhusu vita vya Iraq, wabunge wa Republican waliosema hapana walikuwa sita tu. Seneti, mmoja. Kati ya wale sita alikuwapo daktari wa uzazi kutoka Texas, Ron Paul, mtu wa sauti nyembamba aliyekuwa akirudia hoja za Taft karibu neno kwa neno. Mwaka 2007, kwenye mdahalo South Carolina, alisema mashambulizi dhidi ya Marekani yana uhusiano na mabomu ambayo Marekani imekuwa ikiwapiga wengine; mgombea mwenzake Rudy Giuliani akamshukia, ukumbi ukashangilia. Paul alionekana kichekesho. Lakini ilipofika kampeni ya 2012, orodha za michango zilionyesha kuwa wanajeshi walio kazini walimchangia yeye kuliko mgombea mwingine yeyote wa Republican. Wenye bunduki walikuwa wanamsikiliza mzee aliyezomewa na wasio nazo.

Ukraine ndiyo iliyoleta hesabu hadharani. Mei 2022 Baraza la Wawakilishi lilipitisha msaada wa dola bilioni 40. Wabunge 57 walikataa, wote wa Republican. Taasisi ya Heritage, ambayo kwa miongo ilikuwa ngome ya wapenda jeshi, safari hii ilisimama upande wa wakataaji. Aprili 2024 msaada mwingine wa takriban dola bilioni 61 uliletwa: waliokataa walikuwa 112, wote wa Republican tena, na wa chama hicho waliokubali walikuwa 101. Ndani ya miaka miwili kikundi cha wakorofi kikawa ndicho chenye wingi. Spika Mike Johnson ilimbidi aazime kura za wapinzani wake ili aupitishe muswada.

Mtu aliyeubeba msimamo huo mpaka juu kabisa ni JD Vance, aliyekuja kuwa makamu wa rais. Alizaliwa mwaka 1984, akakulia Ohio, jimbo la Taft, akajiunga na Marine na kupelekwa Iraq mwaka 2005 katika kitengo cha habari. Januari 2023, akiwa seneta mpya, aliandika makala gazetini kumuunga mkono Trump, na sababu aliyoitanguliza ni kwamba katika muhula wake wa kwanza Trump hakuanzisha vita vipya. Vance ni wa kizazi ambacho vita vya Iraq kwake si mjadala wa vitabuni. Alikuwa kule.

Machi 2025 dunia ilipata bahati adimu ya kumsikia akiwaza bila kujua anasikilizwa. Wakuu wa usalama wa Marekani walikuwa wakijadili kwenye programu ya simu ya Signal mpango wa kuwapiga Wahouthi wa Yemen, na kwa uzembe wa kustaajabisha wakamwingiza kundini mhariri wa jarida. Vance alionekana akisema anadhani wanafanya kosa. Hoja yake ilikuwa ya mfanyabiashara: ni asilimia 3 tu ya biashara ya Marekani inayopita Mfereji wa Suez, wakati kwa Ulaya ni asilimia 40. Kwa nini tuwafanyie Wazungu wa kule kazi yao? Kwa watu wa Mombasa na Dar es Salaam, ambao bidhaa zao kutoka Ulaya hupita Bab el-Mandeb, swali hilo lina uzito wa bei ya kontena. Ndani ya lile kundi la simu, hata hivyo, halikuzuia lolote. Vance alisema yuko tayari kuyanyamazia mashaka yake, mabomu yakaanza kuanguka Machi 15, na yakaendelea mpaka mwanzoni mwa Mei, Oman ilipopatanisha.

Hapa ndipo pa kukazia macho. Mei 13, 2025, mjini Riyadh, Trump aliwasema hadharani wale wanaojiita wajenzi wa mataifa, akidai wamebomoa nchi nyingi kuliko walizojenga, na kwamba miji inayong'aa ya Ghuba ilijengwa na wenyewe, wala si na wageni waliokuja na mahubiri. Ilikuwa hotuba ambayo Taft angeipigia makofi. Wiki sita hazikupita. Usiku wa kuamkia Juni 22, ndege saba aina ya B-2 zilizotoka Missouri zikadondosha mabomu mazito 14 ya kupenya ardhi kwenye mitambo ya nyuklia ya Iran.

Siku chache kabla ya hapo chama kilikuwa kimepasuka mbele ya watu. Mtangazaji Tucker Carlson alimhoji Seneta Ted Cruz, mpenda vita na Iran, akamuuliza nchi hiyo ina watu wangapi. Seneta hakujua. Steve Bannon, aliyewahi kuwa mshauri wa Trump, alionya; mbunge Marjorie Taylor Greene alionya. Thomas Massie wa Kentucky akaungana na mbunge wa Democratic, Ro Khanna, kuleta azimio la kumzuia rais asiingie vitani bila idhini ya Bunge. Kwa siku kadhaa ilionekana kama waasi wana jeshi nyuma yao. Kisha mabomu yakadondoshwa, Juni 24 vita vikasimamishwa, hakuna askari wa Marekani aliyerudi kwenye jeneza, na kura za maoni zikaonyesha kwamba wengi wa Warepublican wameridhika. Massie akaishia kusakamwa na rais, aliyeahidi kumtafutia mpinzani kwenye mchujo.

Kwa hiyo wanachokataa watu hawa ni nini hasa? Wanaharakati wa amani wa Ulaya na Afrika wamekuwa wepesi wa kuwakumbatia, na mara nyingi wamekumbatia hewa. Mhafidhina wa North Carolina hajawa mfuasi wa Gandhi. Anachokataa ni vita virefu, vya kukalia nchi ya watu, vya kusimamia uchaguzi wao na kulipia polisi wao, huku mwanawe akikanyaga mabomu ya barabarani. Kombora lirushwalo usiku mmoja na kumalizika asubuhi halimkoseshi usingizi. Aprili 2017 Trump alirusha makombora 59 Syria. Januari 2020 alimuua Jenerali Qassem Soleimani wa Iran. Januari 2026 makomando wakamchukua Rais Nicolás Maduro wa Venezuela mjini Caracas na kumfikisha New York. Kila mara wachache walipiga kelele, wengi wakatazama kama sinema.

Vijana wao wana ugomvi wa namna nyingine, na unahusu Israel. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta mwaka 2025 kwamba nusu ya Warepublican walio chini ya miaka 50 wana mtazamo mbaya juu ya Israel, kutoka asilimia 35 mwaka 2022. Julai 2025 Greene akawa mbunge wa kwanza wa Republican kuyaita yanayotendeka Gaza mauaji ya kimbari. Kwa msikilizaji wa Zanzibar au Muscat hili linaweza kusikika kama haki imepata sauti mpya. Kwa sehemu ndivyo. Sehemu nyingine ni ile ya Lindbergh. Oktoba 2025 Carlson alimkaribisha kwenye kipindi chake Nick Fuentes, kijana ambaye chuki yake kwa Wayahudi haina hata kitambaa cha kuifunika, na rais wa Heritage, Kevin Roberts, aliposimama kumtetea Carlson, taasisi yake ikatikisika na baadhi ya watu wake wakaondoka. Anayesikia mwanasiasa wa Marekani akilaani vita vya Gaza hana budi kusubiri sentensi ya pili kabla ya kushangilia.

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kufuatilia haya, na inaanzia kwenye hotuba moja. Januari 28, 2003, George W. Bush alisimama mbele ya Bunge kueleza hali ya taifa. Katika hotuba hiyo aliomba dola bilioni 15 za kupambana na UKIMWI, hasa Afrika. Mpango wa PEPFAR ukazaliwa. Na katika hotuba hiyohiyo alieleza kwa nini Saddam Hussein ni hatari kwa dunia, akitaja madai kwamba Iraq ilitafuta urani barani Afrika, madai ambayo miezi michache baadaye Ikulu yenyewe ilikiri hayakustahili kuwemo. Dawa na mabomu vilitoka kinywani mwa mtu mmoja, usiku mmoja, na kwa imani moja, kwamba Mungu ameipa Marekani kazi ya kuitengeneza dunia. Ndiyo maana Februari 2008, Bush akiwa amechokwa kwao, Dar es Salaam ilimpokea kwa ngoma na kina mama waliovaa vitambaa vyenye picha yake. Alitia saini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji. Baghdad haikuwa na sababu ya kuvaa picha hiyo.

Wahafidhina wa sasa wameikataa imani ile, na walipoikataa hawakuchambua mchele na pumba. Swali lilelile, kwa nini fedha zetu na kwa faida ya nani, lililoifunga mifuko kwa Ukraine ndilo lililoifunga kwa zahanati. Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa, Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Julai 1 shirika la USAID likafungwa na masalia yake yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. PEPFAR, ambayo serikali ya Marekani yenyewe imekuwa ikisema imeokoa maisha ya watu milioni 25, haikuuawa, lakini ilijeruhiwa. Desemba 2025 Kenya ilitia saini mkataba mpya wa afya wa dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, na humo Kenya nayo imeahidi kuongeza fungu lake. Lugha ya mkataba ni ya biashara. Ya umisionari imeondoka pamoja na wamisionari.

Lakini sivyo kila mahali. Nigeria ilipata kuona upande wa pili wa sarafu. Mwishoni mwa Oktoba 2025, baada ya kampeni ya muda mrefu ya wahafidhina wa makanisa na ya Seneta Cruz, Trump aliiweka Nigeria kwenye orodha ya nchi zinazokandamiza dini, akatishia kuingia kijeshi kuwaokoa Wakristo. Siku ya Krismasi makombora ya Marekani yakapiga jimbo la Sokoto. Watu waleule waliokataa kuifia Kyiv hawakuuliza Sokoto ina faida gani kwa Ohio. Wapigakura wa kiinjili ni nguzo ya chama kama walivyo wastaafu wa jeshi, na nguzo hizi mbili hazibebi mzigo mmoja.

Somalia nayo ni kipimo cha karibu zaidi. Januari 5, 2020, al-Shabaab walivamia uwanja wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Desemba mwaka huo Trump aliamuru karibu askari wote 700 waliokuwa Somalia waondoke. Sehemu yao walivuka mpaka tu, wakapiga kambi Kenya na Djibouti, wakawa wanakwenda na kurudi. Mei 2022 Joe Biden akarudisha chini ya 500. Aprili 27, 2023, Matt Gaetz wa Florida akaleta azimio bungeni la kuwaondoa wote. Lilipata kura 102 za ndiyo, zilizogawanyika karibu nusu kwa nusu kati ya vyama viwili, na 321 za hapana. Wengi wa Warepublican, wakiwemo waliokuwa wakinguruma dhidi ya vita visivyo na mwisho, waliona Somalia haina haja ya kelele: askari wachache, makombora mengi, majeneza hakuna. Trump aliporudi Ikulu, shambulio lake la kwanza huko lilikuwa Februari 1, 2025, kwenye milima ya Golis, Puntland, na hadi mwaka unaisha mashambulizi yalikuwa yamezidi kwa mbali yale ya mwaka wa mwisho wa Biden.

Desemba 2025, katika sheria ya bajeti ya ulinzi, Bunge lilizifuta hatimaye idhini mbili za vita vya Iraq, ya 1991 na ya 2002. Ushindi huo maseneta wa Republican kama Todd Young wa Indiana, aliyewahi kuwa Marine, walikuwa wakiutafuta kwa miaka. Idhini ya 2001, iliyopitishwa baada ya minara ya New York kuanguka, haikuguswa. Haiitaji Somalia popote. Al-Shabaab walikuwa bado hawajaundwa ilipopigiwa kura. Ndiyo inayotumika huko mpaka leo.